Sisimizi wa Bi Darubini

Mkono wa kulia wa Bi Darubini ulimkatalia asubuhi moja akifunga vifungo vya blauzi. Vidole havikumsikia, kisha mdomo ukaenda upande, kisha sakafu ikamjia. Alipotoka hospitali, mwanawe, fundi umeme, alimpeleka moja kwa moja nyumbani kwake bila kumuuliza. "Utakaa kwetu, Mama," alisema, na mama, ambaye ulimi ulikuwa bado mzito, hakuweza kumjibu alivyotaka.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpimaji katika maabara, jicho kwenye lenzi kutwa nzima. Wenzake ndio waliombatiza Darubini, na jina likamganda hata alipostaafu. Kutoka nyumbani kwake alidai kitu kimoja tu: kisanduku cha plastiki chenye mfuniko, kilichounganishwa na tyubu mbili za kioo. Humo waliishi sisimizi weusi na malkia wao. Malkia huyo alimwokota mwenyewe baada ya mvua, kwenye dirisha la maabara, akiwa ameshajing'oa mabawa anatafuta pa kujificha.

Mkwewe, mke wa fundi, alimpokea vizuri. Alimpa chumba chenye dirisha na shuka mpya. Lakini upendo wa nyumba ile ulikuwa unabana. Birika likapandishwa rafu ya juu. Visu vikafungiwa. Chai ikaja imeshakorogwa, tena vuguvugu, eti asijiunguze. Akisema anakwenda msalani, watu wawili wanasimama. Jambo pekee ambalo hakuna aliyethubutu kumfanyia lilikuwa kuwanywesha wale sisimizi, kwa sababu kila mtu aliwaona kinyaa.

Basi aliwanywesha mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Tyubu moja aliijaza maji nusu, akaiziba kwa pamba iliyoshindiliwa vizuri, ili sisimizi walambe unyevu bila kuzama. Chakula chao kilikuwa asali iliyopunguzwa makali kwa maji, akiidondosha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tone lilipaswa kuwa dogo kama punje ya dengu. Likizidi, wanazama; likilala, linachacha na kuota ukungu. Sisimizi mmoja akishanywa, tumbo linavimba na kung'aa, anageuka kwenda kuwagawia wenzake mdomo kwa mdomo, mpaka asali inamfikia malkia ambaye hatoki ndani. Bi Darubini angeweza kuangalia hilo hadi chai ipoe, na kwa kuwa chai yenyewe ilikuwa imeshapoa, hakupoteza kitu.

Siku za mwanzo mkono wa kushoto ulikuwa mjinga. Asali nyingi iliishia kwenye kitambaa cha meza, na sisimizi wa mtaani wakaifuata. Walipanda ukutani, wakapita chini ya mlango, wakaingia jikoni mpaka kwenye kopo la sukari.

"Mama, hawa ni wako?" mkwewe aliuliza, ameshika kopo mbali na mwili wake.

"Si wangu. Wangu ni weusi. Hao ni wekundu."

"Mama, mimi wakiwa kwenye sukari yangu siwaulizi rangi."

Bi Darubini akacheka, na mkwe naye akashindwa kujizuia. Lakini fundi umeme hakucheka. Alimpigia simu dada yake mkubwa, mwalimu mkuu wa shule, mwanamke aliyezoea kusema na watu kana kwamba wamepangwa mistari uwanjani. Jumapili mchana akafika. Wakakaa sebuleni wote wanne.

"Mama, tumeamua," alianza mwalimu.

"Mmeamua nani na nani?"

"Sisi wanao. Hao wadudu watoke leo. Na nyumba yako tuipangishe, haifai kukaa tupu. Wewe huwezi tena kuishi peke yako."

Bi Darubini alimgeukia mwanawe. "Na wewe umo?"

Fundi akaangalia viatu vyake. "Tunakuhurumia, Mama."

"Sikuomba huruma. Nyumba ile ni yangu na haipangishwi. Nitarudi kukaa mwenyewe."

"Kwa mkono gani?" Mwalimu alisema taratibu, si kwa ukali, na hapo ndipo palipouma. "Kumdondoshea sisimizi tone moja tu kunakushinda, Mama, nyumba nzima imejaa asali. Birika la maji ya moto utalishika vipi?"

Bi Darubini aliinuka, akaburuza mguu hadi chumbani, na mwanawe alipotaka kumshika akamkwepa. Akarudi na kisanduku amekibana kwapani. Akaenda tena, akarudi na bomba la sindano lenye asali na bonge la pamba. Akakiweka kisanduku mezani mbele ya binti yake, akafungua mfuniko.

Mkono ulitetemeka. Alisubiri utulie, ukakataa kutulia, akaanza hivyo hivyo. Tone likatoka kubwa mno. Lilianguka juu ya sisimizi watatu waliokuwa wamekuja kuangalia, wakafunikwa, miguu ikapapatika ndani ya asali.

"Unaona sasa," alisema mwalimu.

"Ngoja."

Alinyofoa pamba kwa meno, akaisokota kwa vidole vya kushoto hadi ikawa na ncha. Akaigusisha kwenye tone, pamba ikanyonya. Akawatoa sisimizi mmoja mmoja, akawalaza pembeni pakavu. Wawili wakaanza kujipangusa vichwa. Wa tatu hakuamka. Kisha akashika bomba tena, mkono ukitetemeka vile vile, akadondosha tone la pili. Hilo lilikaa dogo na la duara, na sisimizi wakalizunguka.

"Nimekosea, nikarekebisha, na mmoja nimemuua," alisema. "Hata kabla ya kuugua nilikuwa nakosea. Nilivunja vioo vya maabara, niliunguza maharagwe, wewe mwenyewe niliwahi kukufunga nepi ikadondoka kanisani. Hakuna aliyekuja kuniambia sifai kuishi. Mkono ndio uliolala. Mimi niko macho."

"Na ukianguka?" aliuliza fundi.

"Nitaanguka. Nitainuka, au nitaita mtu. Nikifa, nitakuwa nimefia kwangu."

Aliyekata maneno ni mkwe. "Mrudisheni kwake," alisema. "Kila siku namkorogea chai, na kila siku naona anavyoimeza kwa hasira. Mimi nikizeeka nikafanyiwa hivi, nitauma mtu."

Wiki ile ile fundi alimrudisha. Alimfungia vyuma vya kushikilia bafuni na jikoni, akashusha swichi zote mahali anapofika bila kunyoosha mkono. Alifanya kazi hiyo amenuna, lakini aliifanya vizuri.

Mambo hayakuwa laini. Bi Darubini aliunguza uji mara nyingi. Siku moja aliteleza bafuni, akakaa chini muda mrefu akijaribu hiki na kile, mpaka akaweza kujivuta kwa chuma. Alimpigia mwanawe kumweleza mwenyewe, asije akasikia kwa majirani, na kabla hajajibu akaongeza, "Na sihami." Mkwe alimtembelea kila alipopata nafasi na akanywa chai iliyopikwa na mwenyeji, ikiwa na majani yanayoelea. Sisimizi walizidi kuongezeka hadi ikabidi waongezewe tyubu ya tatu.

Mwalimu alinuna zaidi ya mwezi. Alipokuja hatimaye, alishika kitasa kama kawaida yake.

"Piga hodi," sauti ilisema kutoka ndani.

Akaachia kitasa, akapiga hodi. Akasikia kiti kikisukumwa, kisha mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburuzwa, ukikanyaga na ukiburuzwa, polepole mno. Alitamani kuingia amsaidie. Akakaza mikono kwenye mkoba wake, akasimama pale kizingitini kusubiri afunguliwe.