Injini Iliyotoka Kakuma

Sijawahi kulipenda lile gari, na nilisema hivyo siku ileile lilipovutwa uani kwangu kwa kamba, nyuma ya lori la mawe. Gari la watu wawili! Nyumba ina watoto, ina mama mkwe, ina mbuzi, na mume anakuja na gari la viti viwili, boneti refu kuliko gari lenyewe, paa limeinama mpaka mtu anakunja shingo kuingia. Datsun ya mbio, alisema Lochakapong, ya enzi za rali. Aliyemwachia ni mhandisi wa kizungu aliyekuwa akichimba visima huku Lodwar, ambaye mume wangu alimwendesha miaka mingi. Injini ilikuwa imekufa, mchanga umekula pistoni, na mzungu alikuwa anarudi kwao. Lochakapong akalichukua gari lile maiti, akalipaka rangi ya dume lake la ng'ombe, lile aliloliimbia ujanani kama vijana wa kwao, jekundu lenye baka jeupe ubavuni. Jioni alikaa mbele yake kwenye kigoda na kuliimbia. Mwanamume mzima, anaimbia bati.

Mafundi wa mjini waliitazama injini wakatikisa vichwa. Ndipo aliposikia habari za Majok, Mdinka, mkimbizi wa kambi ya Kakuma, aliyejifunza kazi katika gereji ya jeshi kule Juba. Injini ikapanda lori ikaenda Kakuma. Ilikaa huko karibu mwaka mzima, Majok akitafuta pete za pistoni huku na vyuma kule, akichonga alichokosa. Ilipokuwa tayari alikuja nayo mwenyewe, maana hakutaka mtu mwingine aiguse. Akalala kwetu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba miguu yake ilitoka nje ya mkeka na nje ya kibanda pia, na nilimtania kwamba kwao watu hupimwa kwa kamba ya kisima. Alicheka. Alikula vizuri, akashukuru, akaosha sahani yake. Nilimpenda, nasema wazi.

Mwaka huo ulikuwa wa kiangazi, ule uliotangulia mvua za El Nino, na Kakuma watu walikuwa hawaelewani. Wenyeji na wakimbizi walipigania kuni, walipigania mbuzi, walipigania maji. Mama mkwe wangu, Namuria, alikuwa na wana watatu. Lochakapong ni wa kwanza. Epem ni wa katikati, mchunga mifugo upande wa Kakuma, mwenye hasira za karibu. Nathan, kitinda mimba, alikuwa akilinda ghala la kuni huko huko Kakuma, karibu na ua wa kambi.

Asubuhi ya kazi, Namuria alichinja mbuzi. Kwao mnyama aliyekaa mikononi mwa watu wa mbali haingii zizini hivihivi. Anapakwa kwanza majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, atoke uchafu wa safari. Kama mwanawe anasema hiyo injini ni moyo wa dume lake, basi ipakwe. Lochakapong aliona aibu, lakini Majok alielewa upesi, akaziba midomo yote ya injini kwa matambara. "Hata kwetu iko hii," alisema. Mama akaipaka injini. Halafu, kwa kuwa hafanyi jambo nusu, akamgeukia Majok, akampaka kifuani kwa kiganja kizima.

"Na wewe uliyekuja nayo," alisema. "Usilete ubaya hii nyumba, na hii nyumba isikuletee ubaya. Wewe ni ya hapa."

Majok aliinamisha kichwa chake chenye ile mistari ya Kidinka iliyokatwa toka sikio hadi sikio.

Hatukuwa na mashine ya kunyanyulia. Walisimamisha magogo matatu ya mkoma wakayafunga kileleni, wakatundika kapi la kisimani, na kupitisha ukanda wa ngozi ya ngamia. Magurudumu ya mbele yalikuwa yametolewa na gari lilikaa juu ya mawe. Lochakapong alijizungushia ukanda mgongoni, akakita miguu mchangani, akaishusha injini kidogo kidogo. Majok alikuwa chini ya gari, chali, akiinua pua ya giaboksi kwa mikono ili shafti iingie kwenye klachi. Yeye akisema "shusha," mume wangu anashusha. Akisema "simama," anasimama. Ilifika mahali ikabaki ikining'inia ndani ya boneti, upana wa kiganja juu ya mahali pake, ikakataa kuingia.

Hapo ndipo lori lilipofika.

Lilikuwa la Wainaina, dereva wa unga anayekwenda na kurudi Kakuma. Siku zote hupiga honi kuanzia lagani, kwenye ule mto mkavu, na kuniita mama watoto. Siku hiyo alishuka kimya, akasimama kando ya gurudumu, macho chini.

"Pole, mama," alimwambia Namuria. "Mimi nimebeba tu."

Epem alikuwa nyuma ya lori. Alivuta turubai. Nathan alikuwa amelala juu ya magunia matupu, amekatwa panga shingoni na mikononi. Mikono ndiyo iliyoniumiza zaidi, maana ilionyesha aliikinga shingo mpaka ikachoka. Namuria alipiga ukelele mmoja, akaanguka chini na kuanza kujitupia mchanga. Majirani walitoka kila upande. Kabla sijavuta pumzi uani palijaa watu, na wengine walikuja na rungu mkononi, kana kwamba habari ilikuwa imetangulia lori.

"Ni watu ya kambi," Epem alisema. Bunduki yake ilikuwa imechukuliwa na polisi kwenye kizuizi cha barabarani, ndiyo maana alifika na kisu cha mkononi tu, kile cha duara kinachovaliwa kama bangili. "Aliwakataza kuni. Wakamkata. Wenye mistari hapa." Akajichora mstari kwenye kipaji cha uso kwa kidole. Halafu akaona ile miguu mirefu ikitokeza chini ya gari.

Uwanja mzima uliona miguu ile pamoja naye.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amesimama palepale, ukanda mgongoni, jasho likimtiririka, macho yake juu ya turubai. Hakuweza kumfikia mdogo wake. Angeacha ukanda, injini ingedondoka, mawe yangefyatuka, na gari lote lingemlalia Majok.

Epem alilijua hilo haraka kuliko mimi.

"Achilia," alisema.

Lochakapong alikita miguu zaidi.

"Wewe ndiye mkubwa. Damu ya Nathan ni kazi yako. Hauhitaji mkuki, hauhitaji kitu. Achilia tu, tuseme ni ajali ya kazi."

"Achilia!" mtu alipiga kelele nyuma, na wengine wakaidaka. Jiwe likapita, kioo cha mbele kikavunjika. Jingine likampiga Lochakapong begani. Aliyumba, injini ikashuka kidogo, na chini ya gari nikasikia Majok akivuta pumzi kwa meno.

"Lochakapong," Majok aliita kutoka huko chini, sauti yake taratibu kabisa. "Niko hapa. Nimesikia. Mimi nilikuwa kwako, sikuua mtu."

"Najua. Kaa hapo hapo."

Na angekwenda wapi? Akitoka, rungu. Akibaki, chuma.

"Mama amempaka," Lochakapong alimwambia nduguye. "Asubuhi ya leo. Ni wa hapa."

"Mama! Mfute!" Epem alimgeukia Namuria. "Mfute kwa mkono yako! Sema haikuwa kitu!"

Namuria alikuwa amelala juu ya miguu ya Nathan. Sijui kama alisikia. Hakuinua kichwa.

Mimi sikungoja. Nilikimbia nikaukamata mkia wa ukanda nyuma ya mume wangu, nikaanza kuuzungusha kwenye nguzo ya kibanda ili mzigo upate mshikilizi mwingine. Sikumaliza mzunguko mmoja. Epem alinipiga ngumi ya mdomo. Nilianguka, nikamkamata mguu, nikamuuma shavu la mguu mpaka nikaonja damu, na yeye akanipiga teke usoni. Jino langu la mbele lilibaki pale uani. Nilimwona Lochakapong akinitazama, uso wake umejikunja kwa uchungu, mikono miwili imeshika ukanda, na hakuweza kunisaidia hata kwa kidole. Watoto wangu walikuwa wanalia mlangoni. Nilimchukia Epem wakati ule, na niliichukia Datsun, na mzungu wake, na kila aliyewahi kutengeneza gari.

"Basi nitafanya mwenyewe," Epem alisema.

Akalala kifudifudi, akajipenyeza chini ya gari na kisu chake.

Sasa walikuwa wawili chini ya ile injini. Sikuona yote, niliona miguu. Niliona vumbi, magoti yakigonga bati, nikasikia ngumi zikipiga nyama, nikasikia Majok akiguna kwa lugha yao. Gari lilitikisika juu ya mawe. Kila mtu alimwona Lochakapong, na hapakuwa na mtu wa kumwambia achilia tena. Nduguye alikuwa humo. Alijivuta nyuma kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imesimama, ukanda umemkata ngozi ya mgongo, akashika. Akashika kwa ajili ya wote wawili.

"Epem, toka!" alipiga kelele. "Toka, ndugu yangu, mikono imekwisha!"

Damu ilichuruzika ikaingia mchangani upande wangu. Kisha Majok alitokea upande wa pili, kichwa kwanza, akijikokota kwa viwiko. Sikio lake moja lilikuwa limening'inia. Alitoka mpaka kiunoni, akakwama. Epem alikuwa amemkamata mguu kwa mkono mmoja, anamrudisha ndani, na mkono wenye kisu ulikuwa umeshampata nyuma ya goti, unakata. Majok alipiga ukelele. Alichimba mchanga kwa kucha, akamtazama mume wangu.

"Ndugu," alisema.

Lochakapong naye alimtazama. Akamtazama nduguye chini ya gari, akaita jina lake mara ya mwisho, na Epem akamjibu kwa tusi na kuendelea kukata. Nilikuwa chini, mdomo umejaa damu, lakini macho yalikuwa mazima. Niliona Majok akipiga teke kwa mguu ule mwingine, akachomoka. Na niliona vidole vya mume wangu vikifunguka.

Injini ilianguka. Mawe yaliruka, pua ya gari ikapiga chini, na sauti iliyotoka humo sitaisema.

Wa kwanza kulishika gari ni Majok. Alilishika akisimama kwa mguu mmoja, sikio likidondosha damu kwenye boneti, akatia bega na kuinua, akilia. Wale wenye marungu waliyaangusha wakainua pamoja naye. Wainaina pia. Walipomtoa Epem, kifua chake kilikuwa kimeingia ndani, na hakuna aliyemgusa Majok tena. Polisi walimchukua jioni hiyo wakamrudisha Kakuma, hospitali ya kambi. Anachechemea mpaka leo, nasikia.

Polisi waliuliza. Nilisema ukanda uliteleza. Wainaina alisema uliteleza. Majirani waliokuwa wakipiga kelele za "achilia" wote walisema jamani, ngozi ile ilikuwa nzee, iliteleza. Askari waliandika wakaondoka. Hata wazee wa ukoo walilichukua neno hilo, kwa sababu bila hilo wangefanya nini? Ndugu amemwua ndugu kwa ajili ya mgeni. Hakuna aliyejua pa kuliweka jambo kama hilo. Tulizika wawili siku moja.

Nilimwomba Lochakapong akae na neno lile. Nilimwambia, umeshapewa njia, pita. Alinigeuzia mgongo. Alikuwa na majeraha mgongoni ambayo nilimwosha kwa maji ya chumvi, na hata hakushtuka.

Baada ya matanga Namuria alimwita uani. Alikuwa amenyoa kichwa, ameshika fimbo ya mbuzi.

"Wanasema uliteleza," alisema. "Sitaki ya watu. Sema wewe."

Nilimkonyeza mume wangu. Nilimkanyaga mguu, waziwazi, mbele ya mama yake.

"Haukuteleza, mama," alisema. "Niliachilia."

Alimpiga. Namuria alimpiga usoni, mabegani, juu ya yale majeraha niliyokuwa nikiyaosha mimi, na Lochakapong alisimama mikono chini mpaka fimbo ikavunjika. Nilitaka kumnyang'anya, lakini mume wangu alinizuia kwa jicho. Mama mkwe alipochoka alikaa chini, akihema, akakitazama kile kipande mkononi mwake.

"Nathan nilizaa njiani, kiangazi," alisema. "Epem alinichana. Wewe ulikuja rahisi. Nimebaki na wewe peke yako, na sikutaki."

Akasimama, akaniambia nimfungie mizigo. Alikuwa anakwenda kwa kaka yake, Kerio, kwa wavuvi. Nilimfungia ngozi zake na vibuyu vyake juu ya punda, nikakaza kamba nikilia kwa hasira, na sikujua nimemkasirikia nani zaidi, yeye au mwanawe. Alitoka bila kuniaga.

Lochakapong alimfuata. Alitembea tu nyuma ya punda, mbali kidogo, kama alivyokuwa akimfuata utotoni nadhani. Walivuka laga hivyo. Ng'ambo ya pili Namuria aligeuka akamwona bado yuko. Akainama, akaokota jiwe, akamrushia, kama mtu anavyofukuza mbwa anayemfuata. Lilimpata kifuani. Hapo ndipo aliposimama.