Mtumishi Aliyengoja Jibu

Bibi Rozina alikuwa akipukuchua mahindi barazani kwake Mwazye, jua likishuka, mtumishi wa Beda alipobisha hodi. Alikuwa ametoka kwenye simu iliyokuwa inachajiwa dirishani. Akajipangusa vumbi, akasimama nje ya kizingiti kama mtoto aliyelelewa.

Beda, kitinda mimba wake, anaishi Katandala mjini. Kazi yake ni kutunga lugha ya kuziagiza programu za kompyuta zinazojituma zenyewe, anazoziita watumishi. Katika lugha yake mtumishi hagusi kitu bila ruhusa, na kila agizo lazima liwe na mwisho, asije akapitiliza akaharibu vya watu. Bibi aliposikia hayo alisema lugha hiyo ingemfaa sana marehemu mumewe.

Agizo la huyu lilikuwa fupi: muulize mama hali yake mpaka ajibu.

"Shikamoo mama. Habari za hapa?"

"Marahaba. Nzuri, mwanangu…"

Mtumishi akageuka, akarudi ndani ya simu.

Bibi akabaki na gunzi mkononi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, la kulia linafuata, na hilo ndilo alilotaka Beda alijue. Lakini nani Ufipa nzima huanza na shida? Kuanza na "mbaya" ni kutangaza msiba. Unaanza na "nzuri", mgeni anakaa, anakula, ndipo unasema "ila". Beda alilelewa hivyo hivyo. Kwenye lugha yake akasahau kuweka kiti.

Ikawa hivyo kila jioni, na mjini Beda akawa anapata taarifa kwamba mama ni mzima. Bibi akimpigia, anapokea mtumishi mwingine.

Jioni moja alipoulizwa, Bibi akanyamaza. Mtumishi akangoja. Bibi akamsogezea kigoda. Mtumishi akaomba ruhusa, akakaa. Akaomba ruhusa, akashika hindi, akapukuchua. Kulipokucha alikuwa bado yupo, akachota maji, akamshika Bibi mkono kwenye mawe ya njia ya kanisani.

"Huyu si Beda?" jirani yake Getruda aliuliza.

"Wa Beda."

"Kafanana naye mpaka pua!"

"Pua tu. Huyu anaosha vyombo."

Hatimaye Beda akapiga mwenyewe.

"Mama, mtumishi wangu hajarudi. Kakwama?"

"Hajakwama. Anangoja nimjibu."

"Si umjibu tu, mama?"

"Njoo nikujibu wewe."

"Nitakuja, kazi zikipungua." Akacheka kwa furaha: lugha yake ilikuwa imara, mtumishi alikuwa anangoja vizuri.

Mvua zikaja, ulezi ukapandwa. Jicho la kulia nalo likafunga.

"Habari za hapa, mama?" mtumishi aliuliza, akimwekea bakuli karibu.

Bibi akapapasa mpaka akaupata mkono wake, una joto kama simu iliyotoka kwenye chaji.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Kula kwanza."