Uboho wa Shemeji Mfukoni Mwangu

Mimi si mtu wa kulia kazini. Kwa miaka kumi na moja maabarani nimesoma majibu ya wagonjwa wa saratani ya damu bila jicho kulowa, maana kwangu walikuwa namba juu ya vichupa. Asubuhi hiyo kichupa kilikuwa na uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, wa shemeji, mke wa kaka yangu.

Tunapima RNA, yaani ujumbe ambao chembe za saratani huuandika ndani mwake. Ukiwa mwingi, ugonjwa utarudi, na mgonjwa apandikizwe uboho upesi. Ukiwa kidogo, anaendelea na vidonge nyumbani. Daktari alitaka jibu kabla ya saa nne, kwani kitanda cha upandikizaji kilibaki kimoja na wengi walikingoja.

Saa tatu na robo mashine ikatoa jibu: kidogo sana. Nikampigia kaka kabla ya kukagua ukurasa wa pili. Kiherehere changu kitaniua siku moja.

"Yaani hapandikizwi?" akauliza kaka.

"Hapandikizwi!"

Nikasikia shemeji akicheka kwa nyuma, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu augue.

Ndipo nikafungua ukurasa wa pili. Katika kila sampuli tunapima pia ujumbe ambao kila chembe hai lazima iwe nao. Huo ndio shahidi wetu kwamba sampuli ni nzima. Wa shemeji ulikuwa karibu sifuri. Sampuli ilikuwa imeoza, na namba ile ndogo haikuwa na maana yoyote.

Aliyeiozesha nilimjua. RNA huharibika upesi kuliko maziwa, ndiyo maana tarishi wetu huibeba kwenye sanduku la barafu. Jana yake nilimfukuza tarishi. "Huyu ni mtu wangu, nitabeba mwenyewe." Nikakitia kichupa kwenye mfuko wa shati, kisha nikakaa koridoni saa mbili nzima nikimfariji kaka.

Ningeweza kunyamaza. Jibu lilikuwa kwenye kompyuta, limebaki kubonyezwa tu liende kwa daktari. Kurudia kulimaanisha ile sindano nene ya nyonga iliyomfanya shemeji aume shuka. Na nilimwogopa kaka, niseme kweli. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mfichaji ningekuwa mimi, wa kuzikwa angekuwa yeye.

Nikampigia daktari. Alinikaripia, kisha akasema kitanda atakishikilia hadi saa kumi na mbili jioni, si zaidi. Nikapanda ngazi hadi wodini.

Kaka aliposikia alinikazia macho. Shemeji ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo ile namba ni ya uongo?"

"Haina maana, shemeji. Sampuli niliiharibu mimi, kwa kuiweka hapa mfukoni."

Akautazama mfuko wangu wa shati. Kisha akageukia ukutani polepole, akavuta gauni, bandeji ya jana ikaonekana nyongani.

"Mwiteni daktari," alisema. "Na wewe shemeji, usinigusie kichupa changu. Mpe tarishi."

Jibu la pili lilitoka saa kumi na moja na nusu, shahidi akiwa mzima. Ujumbe ulikuwa mwingi mno. Shemeji alihamishiwa kitanda kile jioni ileile. Ningenyamaza, saa hiyo angekuwa njiani kwenda nyumbani, anacheka.