Limau Lililokataa Udaktari

Ndoto ya usiku wa jana ilinitupa kwenye jimu, mbele ya Dokta Misuli, yule wa simuni anayefundisha watu kushusha presha kwa limau. Amevaa koti jeupe, lebo ya bei bado inaning'inia shingoni. Wiki mbili nyuma nilimtumia mama video yake, tena kwa mbwembwe.

"Dokta, ulisomea wapi?" nikamuuliza.

"Nina wafuasi laki mbili," akanijibu.

Jibu gani hilo, jamani. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu hana mfuasi hata mmoja, lakini ukimuuliza nani kamfundisha, anakutajia mtu.

Limau likapanda kwenye mzani, likakohoa. "Mimi nisiingizwe humo. Kazi yangu ni kachumbari. Hiyo presha sijawahi hata kuonana nayo."

"Usilisikilize, linalipwa na wenye viwanda vya dawa," akasema Dokta.

"Nalipwa? Mimi nauzwa kwa fungu, chini, juu ya gunia."

"Basi tumbo," nikasema. "Si uliahidi linaondoka kwa siku saba?"

Tumbo langu likashuka papo hapo, likakaa kwenye benchi, likauliza siku ya nane lirudi saa ngapi. Dokta akavua misuli, akaitundika msumarini. Ndani mlikuwa na jamaa mwembamba anayehema.

Mara jimu ni jiko la mama, kule Muheza. Kopo la majani ya chai linafunguka, vidonge vya presha vinatoka kwa foleni, vinajihesabu mpaka kumi na vinne.

"Tangu video yako ifike hatujaguswa," kinasema cha mbele. "Tunanuka chai. Na wewe ndiye uliyemwamini huyo mwenye lebo."

Nikaamka, nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Vidonge vyako vya presha viko wapi?"

"Marahaba. Nimevitia kwenye kopo la majani."

Nikakaa chini. "Vihesabu, mama."

Nikasikia kopo likifunguliwa. Akahesabu polepole, kama kawaida yake.

"Kumi na vinne. Na kichwa kinanigonga tangu juzi."

"Mama, jiandae, nakuja tuende zahanati."

"Zahanati ya nini, Mwanaidi? Si video yako ilisema kichwa kikiuma ndiyo sumu inatoka?"