Mpaka Mlangoni

"Ni hili?" mgeni aliuliza.

Alikuwa amesimama uani kwa Marieta, shuka jekundu begani, fimbo mkononi, tope la Tlawi limekaukia kwenye katambuga zake za matairi. Hakuna aliyemsikia akiingia. Hata mbwa aliinua kichwa tu, akamtazama, akakilaza tena.

"Shikamoo, baba," Marieta alisema.

"Marahaba, mama. Naitwa Gidahosh, natoka Yaeda Chini. Ni hili gari lisilolia?"

"Ndilo."

"Mama yangu ameruhusiwa hospitalini. Hataki gari lingine. Anasema kuna mwanamke wa Tlawi alimwahidi."

Marieta akakumbuka. Wakati wa masika alimkuta bikizee mmoja barabarani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, akampeleka hospitalini mjini Mbulu. Njia nzima bibi alikuwa akitabasamu. Magari mengine, alisema, yanamfanya kipofu mara ya pili, maana ngurumo inamnyang'anya njia. "Siku nikirudi nyumbani, unipeleke wewe. Mpaka mlangoni." Na Marieta akajibu, kama watu wanavyowajibu wagonjwa, "Nitakupeleka, bibi. Mpaka mlangoni."

Doris, jirani yake, alikuwa akipanga kabichi zake za sokoni kwenye kiti cha nyuma. Akacheka. "Mwambie mzee ukweli! Gari hili siku hizi ni kama babu yangu: kushuka ni bingwa, kupanda mpaka asukumwe."

Ulikuwa ukweli. Betri ilikuwa imechoka. Patriki, fundi wa magari ya umeme kule Arusha, alikuwa amemtajia bei ya mpya kwenye simu: milioni kumi na nne. Gari lenyewe Marieta alilinunua kwa kumi na moja, jasho la misimu sita ya vitunguu saumu.

"Yaani betri ni ghali kuliko gari?" Marieta alikuwa amemuuliza.

"Mama, betri ndiyo gari. Mengine ni viti na vioo. Itunze hiyohiyo. Isifike sifuri mlimani. Ikizima hapo, usitegemee itaamka."

Tangu siku hiyo aliibembeleza kama mtoto wa homa. Tlawi hadi mjini, mjini hadi Tlawi, kabichi na abiria wawili watatu, basi. Mlima wowote wenye jina aliukwepa.

Akamtazama Gidahosh. Akaanza kushusha kabichi.

"Wewe!" Doris akasema. Kisha akainama, akamsaidia.

Nje ya hospitali, bibi aliketi kiti cha mbele, akaweka kiganja juu ya dashibodi kama anayempima ng'ombe joto.

"Halijafa?"

"Halijafa, bibi."

"Na mimi." Akacheka kimya. "Fungua vioo."

Wakaanza kuteremka. Bonde la Yaeda lilikuwa limelala chini yao, lenye rangi ya asali na moshi, na gari likaelea kuliendea bila sauti, changarawe tu zikinong'ona chini ya matairi. Kwenye kioo cha dashibodi namba ya chaji ilianza kupanda. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Marieta hakuwahi kuuzoea muujiza huo, gari kuunyonya mteremko kama ndama.

"Hapa pana mkuyu," bibi alisema. "Nasikia ninga." Na baadaye: "Hapa mto umekauka. Upepo unapita peke yake."

Walifika chini wakiwa na arobaini na sita.

"Kupanda linataka ngapi?" Gidahosh aliuliza kutoka nyuma.

"Thelathini."

Kisha ukaja mchanga. Matairi yalizama, yakajikokota, na namba ikawa inadondoka kama maji kwenye kibuyu kilichopasuka. Thelathini na nane. Thelathini na nne. Thelathini na moja.

"Simama hapa, mama," Gidahosh alisema kwa upole. Naye alikuwa akiisoma. "Sisi ni watu wa miguu. Nitambeba."

Marieta akasimamisha gari.

"Bado sijasikia kengele za ng'ombe wangu," bibi alisema taratibu, kama anayeota. "Lakini mwanangu akisema tumefika, tumefika."

Marieta aliona misimu sita ya vitunguu saumu, safu kwa safu, ikinyooka mpaka kwenye mlima wa bluu nyuma yake. Akavua mtandio wake, akaifunika ile namba. Akaondoa gari.

Walikwenda muda mrefu, au ulionekana mrefu. Halafu bibi akainua kidole.

Ngli. Ngli, ngli.

Marieta hakusimama hapo pia. Alisogea polepole kati ya mbuzi na watoto waliokuwa wakikimbia pembeni, mpaka bibi aliponyoosha mkono nje ya dirisha na vidole vyake vikagusa mwimo wa mlango.

Asubuhi Gidahosh alifunga fahali sita mbele ya gari kwa mnyororo wa plau. Alisema huenda wakafika juu kesho, huenda keshokutwa. Marieta alishika usukani. Mtandio aliuacha palepale ulipokuwa.

Katika kioo cha pembeni alimwona bibi amesimama mlangoni, sikio ameligeuzia njiani. Gari halikuwa na sauti ya kumwachia, ila kengele ya fahali wa mbele; na mkono wa bibi ulikuwa ukigonga mwimo polepole, ukiifuata, mpaka vumbi likakijaza kioo chote.