Meza Isiyopata Anwani

Ofisini kwetu walikuwa wameshakata shauri kwamba dada yangu ana mkosi. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kwa utani, na utani wa ofisini ndio mbaya zaidi, maana ukiujibu unaonekana una hasira. Kila asubuhi akiwasha kompyuta yake, mtandao unamkataa. Wakamletea kompyuta nyingine, nayo ikakataa. Ile ya kwanza ikahamishiwa chumba cha mbele, ikafanya kazi kama vile haijawahi kuugua. "Si mashine," akasema tarishi, "ni mkono." Wakacheka, na dada naye akacheka, kwa kuwa mgeni hana budi kucheka na wenyeji.

Mimi ndiye fundi wa mtandao wa ofisi ile, na sikuona cha kuchekesha.

Dada ndiye aliyenilea. Mumewe alipofariki, wakwe walimchukua binti yake wa pekee, mtundu mmoja tunayemwita Pilipili. Walisema atarudi kwa mama yake siku mama yake atakapokuwa na kazi ya kueleweka, yenye barua ya ajira. Dada hakuwahi kukaa ofisini maisha yake yote. Nilimfundisha kuchapa nyumbani, jioni kwa jioni, mpaka vidole vikazoea. Akaomba kazi, akapewa kwa majaribio. Kazi yenyewe ni kuhakiki vyeti: unafungua jalada, unaliingiza kwenye mfumo, mfumo unakuhesabia. Majaribio yakiisha, msimamizi anatazama ile hesabu, basi. Mfumo haujui kwamba asubuhi nzima ulikaa ukiitazama skrini iliyogoma. Dada alikuwa amekalia kuti kavu, na Pilipili alikuwa amelikalia pamoja naye bila kujua.

Siku hiyo nilivuta kiti nikakaa kwenye meza yake. Kompyuta inapowashwa haina anwani. Huuliza kwenye waya: jamani, nani atanipa anwani? Seva yetu, ile kompyuta kuu, hujibu: chukua hii, na mambo yanaendelea. Niliitazama anwani aliyopewa dada, nikaona si ya ukoo wetu hata kidogo, na mfumo haupokei anwani ngeni. Humu ndani kulikuwa na mwingine anayegawa anwani za kwake, na kompyuta haina akili ya kuuliza wewe ni nani. Humkubali anayewahi kujibu, kama mtoto anavyomfuata mwenye pipi.

Nilifuata kebo kwa mkono, chini ya meza, nyuma ya kabati, mpaka nikafikia kisanduku kidogo cha kuunganishia nyaya za upande ule. Kutoka hapo waya mmoja ulipenya ukuta na kuingia chumba cha Mkuu wa ofisi.

Kilichonisumbua ni wenzake wawili waliokaa upande uleule na dada, nyaya zao kwenye kisanduku hichohicho. Mbona wao hawakataliwi? Nikawachunguza jioni wanapoondoka. Ukutani kuna tangazo kubwa, lina mhuri: ZIMA MASHINE KABLA YA KUONDOKA. Wenyeji wa ofisi ile walizima skrini tu, wakafunika kitambaa, wakaenda zao. Mashine zao zilibaki macho, zimeshikilia anwani walizopewa na seva kabla ya mgawaji yule kuingia, na hazikuwa na haja ya kuomba tena. Dada peke yake ndiye aliyelitii tangazo. Alizima kila jioni, na kila asubuhi akaanza kuomba upya kama ombaomba.

"Usizime, dada," nikamwambia. "Zima skrini tu."

"Tangazo linasema tuzime mashine."

"Hakuna anayelifuata hilo."

"Wao wana barua, mdogo wangu. Mimi nina nini? Nikutwe nimevunja sheria nikiwa kwenye majaribio? Ng'o."

Nilimjua. Ndivyo alivyonilea mimi pia, sheria ni sheria hata kama inakuumiza. Nikaenda kwa Mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mtandao tena?"

Nikamwomba ruhusa, nikasogeza pazia. Kilikuwa pale kwenye kizingiti cha dirisha, kisanduku cha waifai cha nyumbani, taa zake za kijani zikikonyeza. Waya wa ofisi ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la kutolea badala ya tundu la kuingizia. Kosa la mtu asiyejua, na kulirekebisha ni kuchomoa na kuchomeka. Nikamweleza hivyo hivyo. Nikamwambia ni kazi ya dakika moja.

Mkuu aliichukua simu yake pale mezani akanigeuzia. Nikaona chumba kutoka juu, kitanda, na bikizee amelala ubavu, mkono mmoja umening'inia nje ya shuka.

"Mama yangu," akasema. "Kwa kisanduku hiki namtazama akiwa nyumbani. Fundi aliyekutangulia naye alisema ni kazi ya dakika moja. Picha ikapotea mpaka jioni. Nilipofika nilimkuta sakafuni. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi, na yeye hasemi."

"Mzee, mimi sitaipoteza picha. Au nikirekebishe kisanduku wewe ukiwa nyumbani naye."

"Na asubuhi yake nikija kisiwake?" Akalirudisha pazia taratibu. "Hakiguswi, fundi."

"Kwa ajili ya hiki dada yangu atamwaga unga, mzee. Na akimwaga unga, mtoto wake harudi."

"Nimekusikia," akasema. "Tafuta njia nyingine. Kwani wewe si fundi?"

Nilitaka kumchukia yule mzee. Ningemchukia ningepata nafuu. Ila nilitoka na picha ya ule mkono machoni, na hasira yangu ikakosa pa kutua.

Funguo za chumba kile alikuwa nazo yeye tu. Makao makuu niliwaomba kifaa cha kuwazuia wagawaji wasio rasmi, wakanijibu suala langu linashughulikiwa. Yaani limekufa. Nikabaki na njia moja ya kienyeji: nikaichagulia kompyuta ya dada anwani mwenyewe, kwa mkono, isiombe kwa mtu. Njia hiyo ina shimo lake. Seva lazima iambiwe kwamba anwani ile ina mwenyewe, isije ikampa mwingine, na neno la siri la seva wanalo makao makuu. Niliwaandikia pia. Lilishughulikiwa kama lile la kwanza.

Hata hivyo, mtandao ukafunguka. Dada akaanza kuingiza majalada kwa kasi ya mtu aliyenyimwa maji. Tarishi akaacha utani. Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta dada amepima kwa mikono upana wa kitanda hewani, anajisemea kama kitanda cha Pilipili kitaenea kando ya kabati. Nikamwambia kitaenea. Ndicho ninachojuta kukisema.

Ikafika asubuhi ya tathmini. Msimamizi wake, tunayemwita Mama Mihuri kwa jinsi anavyopenda kugonga, aliwahi kufika na kompyuta mpya aliyoletewa. Akaiwasha chumba cha mbele, ambako seva ndiyo inayowahi kujibu. Ikaomba anwani. Seva ikatazama, ikaona ile ya dada haina mtu, maana kompyuta yake ilikuwa imezimwa tangu jana kama tangazo linavyotaka. Ikampa Mama Mihuri. Dada akafika, akawasha ya kwake. Mashine mbili, anwani moja. Zikaanza kusukumana: huyu akiingia, yule anatoka. Taarifa za tathmini zikakatika katikati, mbele ya wageni kutoka makao makuu, na kwenye skrini ya Mama Mihuri kukatokea maandishi kwamba anwani yake inatumiwa na mwingine.

Mgeni mmoja alijua mambo hayo. Akasema kuna mtu amejipangia anwani kwa mkono. Wakaikagua mashine moja baada ya nyingine, wakaishia meza ya dada.

"Ni mimi niliyeipanga," nikasema. "Yeye hajui hata ni kitu gani."

"Damu nzito kuliko maji," akasema Mama Mihuri. "Ningekuwa kaka yake hata mimi ningesema hivyo."

Nikaeleza yote, kisanduku, pazia, tundu. Wakamgeukia Mkuu. Mkuu alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili chini ya meza. Akasema hajui habari za matundu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale walimnyonga, na haki wakabaki nayo. Dada alikunja kitambaa chake cha kufutia skrini, akazima mashine, akaondoka.

Mwezi ule haukwisha, mama yake Mkuu akafariki. Mkuu aliporudi kutoka msibani alinijia amekikumbatia kile kisanduku cha dirishani, waya wake umezungushwa vizuri.

"Kichukue, fundi," akasema. "Sina tena wa kumtazama."

Kuanzia siku hiyo mtandao ukatulia, kila meza ikapata anwani yake. Mama Mihuri akasimama katikati ya ukumbi. "Mnaona?" akasema. "Tangu yule mama wa majaribio aondoke, mtandao hausumbui." Wakaitikia, na wengine hawakuwa wakitania.

Mchana dada akanipigia. Alikuwa ametoka kwa wakwe, hawakumruhusu kuvuka kizingiti.

"Mtandao wenu vipi?" akauliza.

"Unasumbua bado, dada."

"Hata mimi nikiwa sipo?"

"Hata ukiwa hupo."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Basi haikuwa mimi," akasema. "Nitamtafuta Pilipili kwa simu nimwambie. Huko wanamwambia mama yake ana mkosi."

Nilikuwa nimesimama kando ya meza yake. Mfanyakazi mgeni aliyekalishwa pale alikuwa akiingiza jalada baada ya jalada, haraka haraka, bila kuinua kichwa.