Jasho Ndani ya Saa ya Mzee Magige

Ghati hakuwa mtu wa kuogopa wateja, ila mchana ule alitamani meza yake ingekuwa na mlango wa kujifungia. Mzee Magige wa Mugango alikuwa anakuja moja kwa moja upande wake wa soko la Bunda, mkono wa kushoto ameunyoosha mbele kama amebeba yai, na kwenye mkono huo ile saa ya dhahabu ambayo Ghati alimrudishia wiki moja tu iliyopita, kavu, inang'aa, imevishwa oringi mpya, ile raba ya kuzuia maji.

"Fundi," akasema mzee, akasimama katikati ya njia ili na wengine wapate kusikia. "Saa yangu ilikuwaga haitoki jasho namna hii. Tangu uishike wewe, inatoka jasho."

Ghati akamwamkia, akaipokea. Ni kweli. Ndani ya kioo kulikuwa na ukungu, mishale inaonekana kwa mbali kama watu wanaokatisha shamba la pamba asubuhi ya mvua. Recho, muuza nyanya wa meza ya jirani, akaacha kupanga mafungu yake. Mshona viatu akashusha sindano. Watu wa Bunda wana kazi nyingi, lakini hiyo ya kusikiliza hawaikatai.

"Sikugombezi, binti yangu," mzee akaendelea, kwa sauti ya mtu anayegombeza. "Nakutaarifu tu. Mimi nauza samaki kila mwalo wanaposhushia mitumbwi, kuanzia Bukima mpaka Musoma mjini, na kote huko watu wananiuliza habari za saa hii. Wakiniuliza nani kaiharibu, nitasema ni Ghati wa Bunda. Sitaongeza neno."

Hakuwa na haja ya kuongeza. Wateja wote wa maana wa Ghati walitoka huko ziwani: wenye mitumbwi, wanunuzi wa samaki, watu wanaovaa saa nzuri mahali ambapo kila kitu kimelowa. Alijifunza kazi hiyo Mwanza miaka minne, kwa fundi aliyemfundisha mambo yote isipokuwa namna ya kumjibu mzee aliyekasirika. Aliporudi Bunda akaandika kibao kwa rangi nyekundu: SAA YAKO NA MAJI, NIACHIE MIMI. Sasa kibao hicho kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake kama mashtaka.

Na saa yenyewe haikuwa saa ya kuharibikia mikononi mwa mtu. Mzee aliinunua baada ya msimu mzuri wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya sangara ambavyo wanunuzi huvigombania kuliko nyama yenyewe. Mugango walisema saa ile haikununuliwa dukani, ilizaliwa na samaki.

"Kaa nikuonyeshe kitu, baba," Ghati akasema.

Akaufungua mfuniko wa nyuma, akatoa mashine yote, akaiweka pembeni na kuifunika kwa glasi. Ndani ya ganda tupu akaweka kipande cha karatasi ya chooni, akafunga, akakaza kila mahali, akalizamisha kwenye beseni la maji. Mzee akaenda kula ugali wake kwa mama lishe. Aliporudi na kijiti mdomoni, Ghati akalitoa ganda mbele ya Recho, mbele ya mshona viatu na mbele ya watu wanne ambao hawakuwa na shughuli yoyote pale. Karatasi ikatoka kavu, hata ukiipuliza inapeperuka.

Recho akapiga makofi mawili. Mzee Magige akaigusa karatasi kwa kidole.

"Karatasi yako haina kazi," akasema. "Haivui, haisalimiani na mtu. Saa yangu haikai kwenye beseni, fundi. Inakaa kwa Magige."

Hilo lilimchoma Ghati kuliko lile la jasho, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Basi nitakuja kumtazama huyo Magige," akajibu kabla hajajizuia.

Mshona viatu akakohoa. Mzee akatoa kijiti mdomoni.

"Kesho alfajiri napita na pikapu. Ukichelewa nakuacha."

Hakuchelewa. Usiku huo saa, imerudishiwa mashine, ililala kwa Ghati, na asubuhi ilirudi mkononi mwa mzee ikiwa kavu kabisa. Wakapandisha barabara kubwa mpaka Kiabakari, upande wa Butiama, wakakata kushoto kuelekea ziwani, Mugango. Mzee aliendesha mkono wa kushoto ukiwa juu kabisa ya usukani, ili jua lipate pa kutua.

Ghati alikwenda na orodha ya dhambi kichwani. Pengine mzee anaoga nayo maji ya moto, yanayochosha raba. Pengine anaisugua kwa mchanga kama sufuria. Pengine anaipigisha kwenye ukingo wa mtumbwi. Akakaa kwenye kibanda cha mizani, kati ya mwalo na nyumba ya mzee, macho hayabanduki kwenye ule mkono, mpaka jua likapanda. Mzee hakuwa na dhambi hata moja. Alinawa uso, akaifuta saa kwa kitambaa laini. Alipotaka kuoga maji ya moto aliivua, akaiweka juu ya kabati.

"Wewe mwenyewe ulimwambia moto si mzuri," akasema Marcelina, mke wa mzee, huku anapara sato. "Kila neno lako amelishika. Jioni anaisafisha kwenye vile vipingili vya mkanda, kwa sabuni ya kipande na mswaki wake."

"Mswaki wake mzee?"

"Mswaki wa saa. Ina mswaki wake. Mimi nina miaka thelathini kwenye nyumba hii, sijawahi kununuliwa mswaki na mwanamume."

Ghati akacheka, lakini moyoni hakucheka. Kama mwenye saa hana kosa, basi kosa limebaki kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ana kibao chekundu Bunda.

Ndipo mitumbwi ikaingia. Wa kwanza kushuka alikuwa Nathanieli, nahodha mwenye mabega kama mlango wa kanisa, amemkumbatia sangara mkubwa. Akamweka kwenye mizani, akapangusa vidole kwenye kaptula, akamwamkia mzee. Mzee, badala ya kumpa mkono wa kulia kama watu wote, akamnyooshea wa kushoto.

"Itie ufunguo," akamwambia.

Nathanieli akainama kwa heshima zote, akashika kile kitufe cha ubavuni mwa saa, akakizungusha kinyumenyume mpaka kikaruka nje, akatia ufunguo mara mbili, tatu. Akaisikiliza. Akatabasamu kama aliyepewa cheo, akaenda zake. Nyuma yake akaja Enoka, naye akatia. Akaja mchota maji wa mtumbwi wa tatu, naye akatia. Kila aliyemaliza aliondoka anatabasamu, na hakuna hata mmoja aliyekirudisha kitufe ndani na kukikaza. Kilibaki kimesimama nje kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Kisha mzee akapandisha mkono wa shati na kuuzamisha wote, saa na kiwiko, kwenye pipa la maji ya barafu, kuchagua samaki wake.

Ghati akasimama. Kitufe kile kikikazwa, maji hayana njia. Kikiwa wazi, hata uvishe oringi mia unajisumbua.

Tusimpambe: alitaka kupiga kelele. Mzee alimsema sokoni mbele ya watu, na sasa watu walikuwepo, wengi kuliko wa jana. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Marcelina akamshika kiwiko kwa mkono wenye magamba.

"Umeshaona," akasema mama taratibu.

"Nimeona. Na mama, saa hii haihitaji hata kutiwa ufunguo. Inajitia yenyewe mkono ukitembea."

"Tunajua. Dukani Mwanza walimwambia. Akajifanya hajasikia." Marcelina akageuza sato upande wa pili. "Alikuwaga mchota maji kwenye mtumbwi wa mtu. Siku moja alimuuliza bosi wake saa ngapi, bosi akaficha mkono mfukoni, akamwambia wewe saa ya nini. Sasa hii yake kila mtu aliyefanya kazi lazima aishike. Umkosoe lingine lolote, binti, ila hilo usimkataze."

Ghati akakaa tena. Akaitazama ile foleni ya watu waliolowa wakingoja zamu yao ya kushika dhahabu, na yale maneno ya ulimini akayameza, ingawa yalikuwa makali na matamu. Kisha akamfuata mzee kwenye pipa.

"Baba, naomba saa kidogo, halafu niazime watu wako."

Saa ilikuwa imeanza ukungu. Akaingia nayo chumbani kwa Marcelina kusiko na upepo, akaifungua, akaifuta, akaianika dirishani mpaka kioo kikawa safi, akaifunga. Alipotoka akamwita Nathanieli mbele ya mwalo mzima.

"Nahodha, wewe unajua kutia ufunguo. Nimeona. Sasa nikufundishe nusu iliyobaki, ile ambayo mafundi tunaifichaga. Tia." Nathanieli akatia. "Sasa sukuma ndani. Zungusha mbele. Zungusha mpaka ikatae. Hapo. Anayefungua ndiye anayefunga, na asiyeweza kufunga hajui saa."

Basi ikawa mashindano. Enoka akafunga, Nathanieli akamkagua. Mchota maji akafunga kwa ulimi nje kama anayeandika mtihani, wakamkagua watatu. Mzee Magige alisimama mkono umenyooka. Hakuwa mjinga, hesabu ilishamwingia.

"Kwa hiyo ilikuwa inakaa wazi," akasema mwishowe.

"Ilikuwa inakaa wazi, baba."

"Siku zote."

"Tangu mtu wa kwanza anayekusalimia asubuhi."

Mzee akaitazama saa, akatazama ziwa. Kisha akavua viatu tu, na kwa suruali yake ya kitambaa na shati lake la mikono mirefu akaingia majini, mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka shingoni, mkono wa kushoto umezama. Akakaa humo muda wote ambao mtumbwi mmoja ulipakuliwa samaki, kichwa peke yake juu ya maji, kinasalimia wapita njia. Ghati alikuwa amesimama ufukweni, mikono ameiviringisha kwenye kanga.

Alipotoka, Nathanieli ndiye aliyeukimbilia mkono. Akaangalia, akageuza, akaangalia tena.

"Kavu," akasema. "Hata sekunde naziona."

Mwalo ukacheka wote. Mzee hakucheka. Maji yanamchuruzika kwenye pindo za suruali, akamgeukia Ghati.

"Nilikusema Bunda," akasema. "Hapa sikukusema, kukusafisha hapa hakutoshi."

Jumatatu saa nne asubuhi, soko likiwa limejaa, Ghati alikuwa ameinamia saa ya ukutani ya mtu aliposikia sauti anayoijua katikati ya njia.

"Watu wa Bunda. Nimekuja kumsafisha huyu fundi. Maneno niliyomsema hayakuwa kweli."

Shida ni kwamba watu waliokuwepo siku ile ya kwanza, wengi Jumatatu hiyo hawakuwepo, na waliokuwepo walikuwa wapya. Mama mmoja mwenye kapu akasimama.

"Kwani ulimsema nini?"

Mzee akalazimika kuyasema yote upya, jasho, mwalo, Bukima mpaka Musoma, ndipo apate cha kukanusha. Kila alipomaliza kukanusha akaja mwingine akauliza mwanzo wake, na Recho, aliyejua habari nzima, akawa anamkumbusha mzee sehemu alizoruka. Mzee akarudia mara nne. Hakuruka hata neno la aibu yake, na kila mara alimalizia kwa kuupandisha mkono juu ya vichwa vya watu, kioo cheupe pe.

Ghati hakuinua kichwa. Aliendelea na saa yake ya ukutani, akikaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa tangu mara ya pili, masikio yote mawili yako njiani.